Wasomaji Wanauliza: Kazi za Makumbusho, Bungua na Chokaa ya Kusini

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Mtwara na Lindi, na zinagusa utunzaji wa vitu vya sanaa na vya kale. Wapo wanaotafuta kazi, wapo wenye kitu kinachowaharibikia mikononi. Baadhi tumezijibu kwa kirefu, nyingine kwa mistari michache kwa kuwa jibu lake ni fupi.

Swali. Nimemaliza shahada ya akiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sasa nipo nyumbani Shangani, Mtwara. Kila nikitafuta "mhifadhi" kwenye matangazo ya ajira naletewa kazi za wanyamapori: kwata, bunduki na mafunzo ya jeshi usu. Kazi ya kuhifadhi sanaa ya makumbusho ipo kweli nchini? Aliyeko Mtwara anaianzia wapi?
Binti wa Shangani

Jibu. Ipo, dada, ila nafasi ni chache na jina lake limejificha. Neno "mhifadhi" kwetu limeshamezwa na tembo na simba. Tafuta kwa maneno malikale, mambo ya kale, makumbusho na mikusanyo, pamoja na kyureta na konsaveta kwa tahajia yake ya Kiingereza (curator, conservator), maana matangazo mengi huandikwa hivyo.

Mwajiri mkuu ni Makumbusho ya Taifa, yenye vituo Dar es Salaam (Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, na Kijiji cha Makumbusho), Arusha, Butiama na Songea. Nafasi zake hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Jisajili kwenye mfumo wao leo, usingoje tangazo: muda wa kuomba mara nyingi ni wiki mbili tu, na wiki mbili hizo huishia kwenye kuhangaikia namba ya NIDA au jina lililoandikwa "Fatma" kwenye cheti kimoja na "Fatuma" kwenye kingine. Kama majina yako yanapishana, tengeneza hati ya kiapo sasa.

Elewa pia kwamba ndani ya makumbusho kuna kazi tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kutunza rejista na stoo: kila kitu kina namba, kina mahali pake, na kinaonekana kinapotafutwa. Ya pili ni kuzuia uharibifu: kupima unyevu na mwanga, kutega wadudu, kufungasha. Ya tatu ni kutibu kitu chenyewe: kusafisha, kuunga, kuimarisha rangi inayobanduka. Vijana wengi huitamani ya tatu kwa sababu ya picha za watu waliovaa makoti meupe na kushika pamba. Ushauri wetu ni kuingilia mlango wa kwanza na wa pili, kwani ndiko kwenye upungufu mkubwa, na shahada yako inatosha kuanzia. Ya tatu inadai kemia. Vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani vinavyofundisha matibabu ya vitu vya makumbusho huuliza kemia, na vya Marekani hudai hata kemia ya kaboni, pamoja na saa nyingi za kazi chini ya msimamizi. Kama ulisoma HGL (historia, jiografia na lugha) na kemia yako iliishia kidato cha nne, kuna shimo hapo la kuzibwa kabla ya kuandika maombi.

Sasa, cha kumwonyesha mwajiri. Anayesoma maombi mia hatavutwa na sentensi kwamba unapenda utamaduni. Mpelekee kabrasha la vitu kumi ulivyoviandikia wewe mwenyewe: kinyago cha jirani, ngoma, kitanda cha samadari, kanga ya bibi. Kila kitu kiwe na ukurasa wake: aina, malighafi, vipimo kwa sentimita, maandishi au alama zilizopo, kasoro zinazokitofautisha na chenzake, kinaonyesha nini, kilitengenezwa lini na nani kama inajulikana. Piga picha mbele, nyuma na kwenye kasoro, rula ikiwa pembeni, mwanga ukitoka upande mmoja. Hivi ndivyo vipengele vya Object ID, fomu inayotumika duniani kote kutambulisha kitu kikiibwa. Halafu chora umbo la kitu na uweke alama kila penye ufa, tundu au doa. Hiyo ndiyo ripoti ya hali, na mtu anayeijua anaonekana kwenye ukurasa wa kwanza.

Umuhimu wake unao mfano wa kwetu. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984 kilikuja kuonekana kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva, na kilirudishwa Tanzania Mei 2010. Katika shauri la namna hiyo, asiye na kumbukumbu za maandishi na picha hana la kusema, hata kama dunia nzima inajua kitu ni chake.

Mafunzo kwa vitendo omba kwa barua kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa, ukitaja miezi uliyonayo na idara unayoitaka. Andika wazi kwamba unaomba stoo ya mikusanyo. Usipoandika, utapangiwa mapokezi na kuongoza wageni, na miezi mitatu itaisha hujashika hata glovu. Kwa aliyeko Mtwara, kituo kinachofikika kwa barabara bila kupitia Dar es Salaam ni Makumbusho ya Majimaji, Songea.

Nje ya nchi, anza kufuatilia ICCROM, taasisi ya kiserikali ya kimataifa ya uhifadhi wa urithi wa utamaduni, yenye makao Roma. Kozi zake ni za wiki chache, kwa Kiingereza au Kifaransa, na nyingine husaidia nauli na malazi. Afrika kuna EPA, shule ya urithi wa Afrika ya Porto-Novo, Benin, iliyoanzishwa 1998, na CHDA, kituo cha kuendeleza urithi kilichoko Mombasa. Kwa shahada ya pili zipo skolashipu za Chevening na Jumuiya ya Madola kwa Uingereza, na DAAD kwa Ujerumani. Chevening inataka uzoefu wa kazi usiopungua saa 2,800, yaani kama miaka miwili, na kazi za kujitolea huhesabiwa. Kwa hiyo andika saa zako kuanzia siku ya kwanza, na kila mwisho wa mwezi msimamizi azitie saini.

Tena kuna njia ya pembeni inayoanza kufunguka: utafiti wa asili ya vitu vilivyochukuliwa enzi za ukoloni. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea kwa ukatili wa ukoloni tarehe 1 Novemba 2023, na mazungumzo kuhusu vitu na mabaki ya watu yaliyoko Ujerumani yanaendelea. Kazi hiyo inahitaji mtu anayesoma Kijerumani, na anayeweza pia kukaa na wazee wa Kitangari au Ndanda wakamwelewa. Lugha ya pili unayo bure. Ya kwanza inasomeka.

Swali. Shikamooni. Nina mapiko matatu (vinyago vya kuvaa kwenye ngoma) ya marehemu babu yangu hapa Newala. Yana nywele za binadamu na chale za nta. Moja linatoa unga mwepesi kila nikiliinua. Jirani kanishauri nilipake mafuta ya maganda ya korosho, mwingine kasema oili chafu. Nifanye nini? Na je, makumbusho yananunua?
Mjukuu, Newala

Jibu. Marahaba. Usipake chochote, kwanza.

Mafuta ya ganda la korosho huua wadudu kweli, na kwenye nguzo ya uzio hatuna ugomvi nayo. Lakini yanababua ngozi, yanatia mbao weusi, na yakipigwa hewa na joto hugandamana yakawa utando mgumu ambao hakuna kimiminika cha kawaida kinachoutoa. Lipiko likishapakwa hivyo limekwisha kuwa kitu kingine. Oili chafu ni mbaya zaidi: haikauki, inanasa vumbi, na nywele zitashikana kama uzi uliomwagikiwa lami.

Kinachotoa unga ni bungua, mdudu anayetoboa mbao. Mapiko huchongwa kwa mti mwepesi, tofauti na vinyago vya mpingo, na mti mwepesi ndio chakula chake. Mpingo wenyewe, ile nyama nyeusi ya ndani, bungua hauwezi. Ukiona matundu kwenye kinyago cha mpingo, mengi yatakuwa kwenye ule ukanda mweupe wa nje ambao mchongaji aliuacha kwa urembo.

Hakikisha kwanza kwamba wadudu wapo hai. Tundu peke yake si ushahidi, linaweza kuwa la miaka thelathini iliyopita. Safisha unga wote kwa brashi laini ya rangi, liweke lipiko juu ya karatasi nyeusi mahali pasipo upepo, usiliguse siku saba. Ukikuta vilima vipya vya unga mweupe, tena matundu yana kingo kali na ndani kunang'aa, wadudu wanafanya kazi. Karatasi ikibaki safi, rudia kwa mwezi mzima kabla ya kusema wamekufa. Katika muda huo lipiko hilo likae mbali na yale mawili.

Tiba isiyo na sumu ni baridi. Inavyofanyika:

Lifunge kwa kitambaa safi cha pamba, kisha kwenye nailoni nene. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, lakini nailoni ya kupima kwa mita ipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Toa hewa kwa mkono taratibu, ziba kwa utepe wa gundi kila upenyo. Kitambaa kazi yake ni kunywa unyevu utakaojitokeza ndani.

Weka kwenye friza lililokwisha kuwa na baridi kali, si lile unaloliwasha siku hiyo. Ubaridi ukishuka polepole, bungua hujiandaa na kuishi. Friza la nyuzi 20 chini ya sifuri linahitaji wiki moja kamili; la nyumbani, ambalo mara nyingi huishia 18, lipe wiki mbili. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, anza kuhesabu upya. Na kama friza ni la samaki, nailoni iwe tabaka mbili, harufu ya nguru haitoki kwenye nywele.

Ukilitoa, usifungue. Acha saa 24 ndani ya nailoni mpaka lipate joto la chumba. Wengi huharibu hapa: wana hamu ya kuona, wanafungua lingali baridi, na hewa yetu ya unyevu inageuka maji juu ya mbao papo hapo.

Kwa mapiko yako kuna tahadhari mbili. Nta ikiwa kwenye baridi kali huwa kama kioo, ikigongwa hupasuka. Laza lipiko kwenye mto wa nguo kabla ya kuliingiza na usilisogeze mpaka mwisho. Kama chale za nta zimeanza kuachia mbao, usiligandishe kabisa, tafuta mtaalamu. Pili, usidhani jua litafanya kazi ya friza. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, ila hulainika kabla ya hapo, na bati la paa mchana linatosha kuitelezesha.

Baada ya tiba, kila mwezi kagua nywele kwa tochi. Nondo wa nguo na mende wa mazulia huzipenda kuliko mbao. Vaa barakoa na glovu, kwa sababu hatujui babu aliwahi kunyunyizia nini; zamani DDT ilitumika bila woga, na haiondoki yenyewe.

Kuhusu kununua: makumbusho huandika kwanza, hununua kwa nadra. Mapiko yako yana thamani zaidi yakiambatana na maelezo: jina la mcheza, mwaka wa jando lililochezewa, wimbo wake. Yaandike wazee wangalipo. Mawakala wanaopita vijijini hulipa kwa kinyago bila kuuliza hayo, na kinyago bila hayo kinauzwa huko mbele kwa maelezo ya kubuni.

Swali. Kikundi chetu cha ngoma Mikindani kimepewa chumba kwenye nyumba ya zamani tufanye makumbusho madogo. Tuna ngoma, vinyago, picha za miaka ya sitini na madaftari. Chumba kinanuka uvundo, ngozi za ngoma zina ukungu. Tumeambiwa tununue kiyoyozi.
Katibu wa kikundi, Mikindani

Jibu. Pesa za kiyoyozi ziwekeni kwanza. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku kinafanya unyevu upande na kushuka kila siku, na mbao huvumilia unyevu wa juu uliotulia kuliko unaocheza. Mkimaliza bajeti ya luku katikati ya Februari, mtakuwa na chumba kisichopumua, na ukungu mara mbili.

Nunueni vipimaunyevu viwili vya dijitali, vya bei nafuu. Kabla ya kuviamini vijaribuni kwa chumvi. Weka kijiko kimoja cha chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, dondoshea maji mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Fungia pamoja na kipimo ndani ya kopo la plastiki linalobana, visigusane, mahali pa kivuli, kwa saa nane hadi kumi na mbili. Hewa juu ya chumvi hiyo husimama kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 81, andika kwa kalamu mgongoni: "punguza 6".

Ukungu huanza kupata nafasi unyevu ukipita asilimia 65 hadi 70 na kukaa hapo. Ukipita 80, siku chache zinatosha. Msimu wa mvua wa Desemba hadi Aprili hamtaweza kushusha namba hizo kwa madirisha, basi shughulikieni mambo matatu ambayo mnayaweza. Rafu zisiguse ukuta wa nje, acheni nafasi ya kiganja kizima, na chini zianzie sentimita 15 kutoka sakafuni. Nyumba za mawe ya matumbawe hunyonya maji toka chini. Feni ndogo izungushe hewa kwenye kona, ukungu hupenda hewa iliyolala. Madirisha yafungueni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri siku kavu, yafungeni jioni.

Ngoma zenye ukungu zitoeni kwanza chumbani. Zianikwe kivulini penye upepo mpaka ukungu ukauke uwe unga, ndipo mswaki laini upite, anayefanya akiwa amevaa barakoa ya N95 na kuelekeza vumbi upande wa pili. Kufuta ukungu mbichi kwa kitambaa kibichi ni kuupaka vizuri. Legezeni kamba za ngoma zisizotumika.

Picha zitoeni kwenye albamu za nailoni zenye gundi, msizibandue kwa nguvu, na msitumie solotepu hata kidogo.

Jambo moja la Kusini ambalo vitabu vya Ulaya havina: kama kwenye nyumba hiyo kuna chumba kinachowekwa salfa ya mikorosho, ihamishwe. Vumbi la salfa huchakaza shaba na fedha zikawa nyeusi, na kwenye unyevu hutengeneza tindikali inayokula karatasi na nguo.

Mkiwa tayari kupanga stoo, fuateni mwongozo wa RE-ORG wa ICCROM, unapatikana bure kwenye intaneti. Vipimo vyake viwili tunavipenda kwa sababu havina siasa: kitu chochote kipatikane ndani ya dakika tatu, na usilazimike kusogeza zaidi ya vitu viwili kukifikia.

Swali. Mimi ni fundi mwashi Kilwa Masoko, najua chokaa kidogo. Kazi za kukarabati magofu zinapatikanaje? Na kwa nini wataalamu wanakataa saruji, wakati ndiyo imara?
Fundi, Kilwa

Jibu. Uimara wake ndio tatizo. Jiwe la matumbawe ni laini na lina vinyweleo, linavuta maji na chumvi na kuyatoa. Saruji ikiziba uso, maji hutafuta njia nyuma yake, chumvi inaganda ndani ya jiwe, na baada ya misimu michache plasta inaanguka ikiwa nzima, na kipande cha ukuta mgongoni. Chokaa inaacha ukuta upumue. Ikichakaa yenyewe, unaibadilisha na jiwe limebaki.

Uwiano wa kawaida ni chokaa iliyoloweshwa sehemu moja kwa mchanga sehemu mbili na nusu hadi tatu. Chokaa ikae ndani ya maji wiki kadhaa, miezi mitatu ni bora, ili chembe zilizoungua kupita kiasi zisije kufura ukutani. Mchanga usiwe wa pwani. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi sentimita moja na nusu, funika kwa magunia mabichi siku saba. Ukiona chokaa inatoka unga ukiisugua kwa kidole, ilikauka kabla ya kushika: jua au upepo ulikuwahi.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Ziliwekwa kwenye orodha ya hatari 2004 na kutolewa 2014 baada ya ukarabati na kazi ya kuzuia bahari isile ufukwe. Kazi huja kwa mradi, hukaa kimya, kisha huja tena. Fika ofisi ya malikale Kilwa Masoko, uache jina na daftari lako. Ndiyo, daftari: picha ya kila ukuta ulioupiga chokaa, tarehe, uwiano, chokaa imetoka wapi, na picha ya ukuta uleule mwaka mmoja baadaye. Fundi mwenye picha ya mwaka mmoja baadaye ni adimu.

Swali. Nipo kidato cha nne Lindi. Tunafundishwa kwamba mifupa ya dinosaria wa Tendaguru ipo Berlin. Kuna kazi ya kutengeneza mifupa kama ile? Nisome nini?
Mwanafunzi, Lindi

Jibu. Ipo, na mmoja wa walioifanya mwanzoni alikuwa Mwafrika wa huku. Msafara wa Wajerumani ulichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913, na msimamizi wa wachimbaji, aliyejua pia kusafisha na kuunga mifupa, alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Kiunzi kikubwa cha Berlin, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kilisimamishwa 1937.

Mfupa unapofukuliwa huimarishwa kwa gundi ya Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwenye asetoni. Huanzwa na nyepesi, kama asilimia 5, iingie ndani, ndipo nzito kidogo. Anayeanza na nzito hupata ganda juu na unga chini, na ganda hubanduka na uso wa mfupa. Kwenye joto la Lindi asetoni hukimbia upesi na kuacha mapovu, kwa hiyo kazi ni ya asubuhi, kivulini, juu ya mfupa mkavu. Kisha mfupa hufunikwa karatasi mbichi za chooni na kuvishwa vipande vya gunia vilivyochovywa plasta ya Paris. Ukisahau karatasi, plasta hushika mfupa wenyewe, na utaitoa kwa siku tatu ukijilaumu.

Soma sayansi: PCB (fizikia, kemia, baiolojia), CBG (kemia, baiolojia, jiografia) au PGM (fizikia, jiografia, hisabati), kisha jiolojia au baiolojia. Jiolojia ipo Dar es Salaam na Dodoma. Mkono nao ufanye mazoezi: uchongaji wa huku kwenu ni shule nzuri kuliko unavyodhani. Ila usichimbe mwenyewe. Mfupa uliotolewa bila kuandikwa umetoka tabaka gani la udongo umepoteza nusu ya habari yake, na isitoshe ni kosa kisheria.

Swali. Nimepata barua pepe ya kazi ya "fundi wa vinyago" kwenye makumbusho ya Ulaya, mshahara mkubwa, wanataka nitume ada ya viza kwa simu.
Mchongaji, Masasi

Jibu. Usitume. Makumbusho halisi hutangaza nafasi kwenye tovuti yao wenyewe, huita usaili, na ada ya viza hulipwa ubalozini au kwa wakala wake rasmi. Fungua tovuti yao kwa kuandika anwani mwenyewe, usibofye kiungo cha barua, uone kama nafasi hiyo ipo.

Swali. Nina mlango wa nakshi wa nyumba ya wazazi Kilwa Kivinje, ni wa kabla ya vita vya kwanza. Kuna mtu anataka kuununua aupeleke nje. Miguu ya fremu imeanza kuoza. Niuze au nikarabati?
Mzee wa Kivinje

Jibu. Shikamoo mzee. Kuupeleka nje si uamuzi wako wala wake peke yenu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaitaja milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940 kuwa vitu vinavyolindwa, na kuvisafirisha nje kunahitaji leseni. Kabla ya kupokea hata malipo ya awali, fika ofisi ya malikale. Mnunuzi anayekwambia "hayo niachie mimi" atakuachia wewe kesi.

Kuoza kwa miguu kwa kawaida kunatokana na sakafu ya saruji iliyomwagwa ikaizunguka fremu. Fundi achonge saruji hiyo upana wa vidole viwili kila upande, nafasi ijazwe chokaa na mchanga, maji yapate pa kutokea. Sehemu iliyooza ikatwe mpaka kwenye mbao nzima tu, iungwe kwa kipande cha mti wa aina ileile, kwa ulimi na tundu, si kwa misumari ya chuma. Chuma kwa hewa ya bahari hufura na kupasua mbao. Usipake rangi ya mafuta juu ya nakshi. Vifundo vya shaba visisuguliwe kwa dawa ya kung'arisha, mabaki yake meupe hukwama kwenye nakshi na hayatoki. Na kabla fundi hajagusa, mjukuu apige picha mlango wote, mbele na nyuma, rula ikionekana.